Tuziokoe Negativu, Filamu Itajitetea

Wapo wapiga picha wa Kitui na Makueni wanaohofia mwisho wa filamu. Ni kweli kwamba kampuni ya Kodak ililemewa na madeni ikakimbilia kinga ya mahakama mwaka wa 2012. Lakini filamu ingali inatengenezwa. Hata lugha, nikisema kama mwanaisimu, haijaisahau: bado twanena "kuosha picha" pasipo karai wala dawa.

Hofu yangu ni negativu za studio za zamani za Kitui na Wote. Humo mna harusi na nyuso za wazee waliopigwa picha mara moja tu maishani. Joto na vumbi havina subira. Walimu, watumeni wanafunzi wakazitafute, waandike majina kabla wanaoyakumbuka hawajatutoka. Filamu mpya hununuliwa. Sura ya nyanya hainunuliki.