Jina la Kijidudu na Faida ya Mkulima

Mkulima ang'oapo mharagwe huona vinundu vidogo mizizini, akadhani ni ugonjwa. La, sivyo. Ndani yake mna vijidudu, yaani bakteria, ambavyo huchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Mwaka 1888 Bwana Beijerinck wa Uholanzi alivitenga vijidudu hivyo. Baadaye vikaitwa Rhizobium.

Kwa miaka mingi vijidudu vya maharagwe vilihesabiwa kuwa jamii moja. Lakini wataalamu walivikuza, wakapima joto na asidi vinavyoweza kustahimili, wakajaribu ni mimea ipi inayovipokea, kisha wakalinganisha hata asili ya uzazi wao, yaani DNA. Ndipo mwaka 1991 ilipotangazwa aina mpya, Rhizobium tropici, ambayo mojawapo ilipatikana katika maharagwe ya Kolombia. Aina hiyo huvumilia sana joto na udongo wenye asidi.

Je, jina lamfaa nini mkulima? Lamfaa sana. Vijidudu vya soya havifai kwa maharagwe. Basi anunuaye dawa ya vijidudu ya kupaka mbegu na asome kwanza imeandikiwa zao gani, asije akapoteza fedha na msimu wake bure.