Miradi ya wanafunzi wa uhandisi isiozee kabatini

KILA mwaka wanafunzi wa uhandisi wa majengo katika vyuo vikuu vyetu hukesha wakikamilisha mradi wa mwaka wa mwisho. Hupiga hesabu za nguzo na mihimili, huchora ramani, kisha husimama mbele ya jopo la wahadhiri kuutetea. Baada ya hapo kitabu hutiwa jalada gumu na kufungiwa kabatini.

Nayajua haya kwa kuwa nimeyapitia. Mradi wangu ulihusu jumba la kukodisha la orofa tano katika mtaa niliokuwa nikiishi. Hesabu zangu zilionyesha kwamba nguzo za chini zilikuwa nyembamba mno kwa mzigo zilioubeba. Nilipewa alama nzuri na kupongezwa. Hakuna aliyeniuliza jumba lenyewe liko wapi, nami sikuthubutu kumpelekea mwenyewe nakala. Wapangaji waliendelea kulala humo.

Jambo hilo lilinirudia Aprili 29, 2016, jumba lilipoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na kuua zaidi ya watu 50. Serikali ilisema lilikuwa limeorodheshwa kubomolewa. Yaani hatari ilijulikana, ila ilibaki kwenye karatasi.

Linganisha na yaliyotokea New York mnamo 1978. Jengo la Citicorp, lenye orofa 59, lilikuwa limekamilika mwaka uliotangulia. Kwa sababu ya kanisa lililokuwa kwenye kona ya kiwanja, nguzo zake nne kuu ziliwekwa katikati ya kila upande badala ya kwenye kona. Diane Hartley, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Princeton, alilichagua jengo hilo kwa mradi wake. Alipopiga hesabu za upepo unaovuma kimshazari, aliona shinikizo likizidi, akauliza katika ofisi ya wahandisi. Alijibiwa kwamba jengo lilikuwa salama.

Mhandisi mkuu, William LeMessurier, alieleza baadaye kwamba ni simu ya mwanafunzi iliyomfanya arudie hesabu. Hadi leo kuna ubishi kuhusu mwanafunzi huyo alikuwa nani. Lililo wazi ni kwamba viungo vya vyuma vilikuwa vimefungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa. LeMessurier hakuficha kosa kwa wenye jengo. Mafundi walifanya kazi usiku, wakachomelea vibao vya chuma kwenye viungo zaidi ya 200. Umma, hata hivyo, ulifichwa ukweli huo hadi 1995.

Watafiti wa taasisi ya viwango ya Marekani wamehoji katika miaka ya karibuni ikiwa upepo huo ulikuwa hatari kiasi hicho. Hoja yangu haibadiliki. Swali liliulizwa, na mwenye uwezo wa kurekebisha akalichukulia kwa uzito.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mwanafunzi anaweza kukosea, na mwenye jumba anaweza kumburuta mahakamani. Ndiyo maana hatufai kumwachia mzigo huo peke yake. Mradi unaohusu jumba lenye watu usomwe na mhandisi aliyesajiliwa. Akiridhika, chuo ndicho kiwasilishe matokeo kwa serikali ya kaunti na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, nazo zijibu kwa maandishi. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kufukua vifusi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila ukuta hujengwa upya. Aliyefunikwa nao harudi.

Lile jumba langu lingali limesimama. Mimi hupita hapo mara kwa mara na kuona nguo zimeanikwa kwenye roshani za orofa zote tano. Kila mvua kubwa inaponyesha, hukikumbuka kile kitabu kabatini.