Kisima Kilikuwa Kikavu. Kwa Hivyo Tulale?



Disemba 2021 meli ya kuchimba mafuta ilikuwa bahari kuu ya Lamu, kitalu L11B, ikitoboa kisima walichokiita Mlima-1. Wenye hisa walikuwa Eni ya Italia, Total ya Ufaransa na kampuni ya serikali ya Qatar. Mwaka 2022 wakasema hakuna mafuta ya kibiashara, wakafunga, wakaenda zao. Wako waliosema alhamdulillah, balaa limepita. Wako waliosikitika, maana walishajiona wamepata kazi ya kampuni. Na karibu sote tukanyamaza.

Sasa nikuulize wewe unayesoma hii kwenye simu, uwe Mkokoni, Kiwayu, Faza, Amu mjini au Mombasa: kabla ile meli haijaja, nani alikuuliza? Ushawahi kuona kandarasi ya kitalu hata kimoja? Mgao wa serikali ulikuwa kiasi gani, na nani angelipa kama mafuta yangemwagika?

Usiniambie hayo yameisha. Mwaka 2007 Woodside ya Australia ilichimba Pomboo, kavu. Mwaka 2012 Apache walichimba Mbawa, wakapata gesi isiyotosha kuuza. Kisha wakaja hawa wa Mlima. Hawa watu hurudi. Bei ya mafuta ikipanda dunia, mashine mpya ikitoka, ramani ya vitalu inafunguliwa upya. Siku wakipata kisima chenye mafuta kweli, kila kitu kitakuwa kimeshatiwa saini, na wewe utaitwa kwenye baraza upewe soda na uambiwe "tunakuja kuwahamasisha."

Na bomba halingoji kisima cha baharini. Tarehe 2 Machi 2012 Kibaki alizindua LAPSSET hapa Lamu pamoja na Meles Zenawi na Salva Kiir, na baadaye mpango ukawa mafuta ghafi yatoke Lokichar, Turkana, kwa bomba la zaidi ya kilomita 800, yaje yapakiwe melini Lamu. Uganda ilijitoa mwaka 2016 ikachagua Tanga. Tullow nayo mwaka 2025 iliuza mali yake ya Turkana kwa Gulf Energy. Wenyewe wanabadilika, lakini mwisho wa bomba kwenye karatasi ni palepale: bahari yetu.

Wacha tuzungumze bahari sasa, maana hapa ndipo wataalamu wa suti hutudharau. Kila mtoto wa Kibajuni anajua kusi. Kusi ikivuma, nje ya miamba hakuendeki kwa dau wala mashua ndogo. Watu wanarudi ndani, kwenye mlango kati ya Kiwayu na bara, kwenye mikoko, kwenye vijito vya kaa. Ni miezi ya kula ndani. Sasa kusi inatoka wapi? Inatoka baharini kuja nchi kavu. Mafuta yakimwagika nje wakati huo, upepo uleule uliokuzuia kutoka ndio utakaoyasukuma kuja kwako. Yataingia pale pale ulipokimbilia. Na mkoko unapumua kwa mizizi iliyo juu ya tope. Ukiipaka mafuta umeuziba pumzi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Mkokoni yenyewe iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979 kwa ajili ya matumbawe, kasa na nguva. Mvuvi anaonywa asiguse kasa, sawa. Je, kampuni nayo ina afisa wa kuionya?

Wakikwambia teknolojia ya leo ni salama, waulize kuhusu Bonga. Ni eneo kubwa la mafuta ya baharini la Shell huko Nigeria, liko mbali na pwani kama kilomita 120. Disemba 2011, wakati wa kupakia meli, yalimwagika mapipa karibu 40,000. Hiyo ni Shell, si kampuni ya mtaani, na ni shughuli ya kawaida ya kuhamisha mafuta kutoka chombo kimoja hadi kingine. Shughuli hiyohiyo ndiyo wanayotaka kuifanya Lamu.

"Tutafidiwa." Haya. Bandari ya Lamu ilipoanza kuchimbwa, wavuvi walipoteza maeneo yao ya kuvulia. Wakaenda mahakamani. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikasema haki zao zimevunjwa, wakiwemo haki ya mazingira safi na haki ya kupewa habari, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Piga hesabu: ni kama 380,000 kwa mtu mmoja, kwa bahari aliyoikuta kwa babu yake. Na hata hizo, rufaa ikakatwa, kisha mazungumzo nje ya mahakama, miaka ikayoyoma. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, kwa ngoma na rais. Fidia ndiyo iliyokuwa na safari ndefu.

Lakini kesi ile ina jambo la kushika: walishinda. Kadhalika Juni 2019, mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha makaa ya mawe kule Kwasasi, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliopeleka kesi ni watu wa Lamu, si malaika.

Sasa sheria. Sheria ya Petroli ya 2019 inasema serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, jamii ya mahali 5. Turkana walipigania sana hiyo asilimia. Mwaka 2018 walifunga njia malori ya mafuta yasipite. Nzuri. Lakini soma maana ya "jamii ya mahali": ni watu wanaoishi katika kaunti ndogo ambamo mafuta yanachimbwa. Kisima kikiwa katikati ya bahari, kaunti ndogo gani hiyo? Nani anaishi kule, papa? Kama hili halikuandikwa wazi mapema, ile tano itapigwa chenga mbele ya macho yetu.

Kuna ndugu walifurahi kusikia Qatar wamo, ati ni Waislamu wenzetu. Akhi, kampuni haina shahada. Fiqhi yetu inasema madhara huondolewa, haikusema huvumiliwa aliyeyaleta akiwa anaswali. Na dini imetufundisha kuwa maji ni ya watu wote. Hoja hiyo tuipeleke kwa Eni na tuipeleke Doha vilevile.

Na mpaka je? Oktoba 2021 mahakama ya The Hague iliipa Somalia sehemu kubwa ya bahari iliyokuwa ikigombaniwa, Kenya ikaukataa uamuzi. Serikali mbili zinavutana juu ya vitalu, na Mbajuni ana jamaa pande zote mbili. Mvuvi wetu aliyezuiwa kuvua usiku kwa miaka baada ya Mpeketoni, kwa jina la usalama, atazuiwa mara ngapi tena kwa jina la mafuta?

Kwa hivyo kazi iko sasa, wakati hakuna meli. Kifungu cha 35 cha katiba kinakupa haki ya kuitisha habari. Andikeni barua kwa Wizara ya Nishati na Petroli mkitaka kandarasi za vitalu vya bahari ya Lamu. Andikeni nyingine kwa NEMA mkitaka ripoti ya mazingira ya Mlima-1. Wabaneni mbunge wa Lamu Mashariki na seneta waseme bungeni "jamii ya mahali" ni nani kisima kikiwa baharini. Kila mkutano wa maoni uwe kwa Kiswahili, usiwekwe Ijumaa saa saba, kina mama wanaouza kaa waketi mbele, na ripoti ifike kijijini mwezi mzima kabla. Na wakisema mkutano utakuwa Amu mjini, waulizeni nani atalipa petroli ya boti kutoka Mkokoni.