Siku nne ndani ya bisi: Lubumbashi mpaka Bunkeya

Juma mbili hatukuonekana kwenye ukurasa huu, na kuna waliouliza kama tulihama mji. Hatukuhama. Tulikuwa njiani, na nyumba tulikuwa nayo njiani.

Tumesikia kwamba huko Ulaya na Marekani kuna jamaa wanaonunua gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, wanapakia watoto na kuzunguka nchi, leo mji mdogo huu, kesho mbuga ile, wakilala popote jua linapowatulia. Siye tuna bisi ya kazi, ileile inayobeba abiria kila siku kati ya Katuba na mjini. Tuling'oa viti vya safu mbili za nyuma, tukatandika mikeka na godoro moja, vikwembe vikawa pazia za madirisha, na hapo tukawa nasi tuna nyumba ya magurudumu.

Lakini bisi ya kazi isipofanya kazi, jioni hakuna feza inayoingia nyumbani. Siku nne ni jioni nne, na masomo yanafunguliwa mwezi wa 9. Papa wa nyumba alikataa kwanza, na tusiseme uongo, alikuwa na haki. Kilichomgeuza ni mambo mawili. La kwanza, zamu yetu ya likelemba ilikuwa imefika, na tulikubali nusu yake izibe pengo. La pili ni Nkambo.

Nkambo ni mama yetu mzazi, na kwa Papa ni mama mkwe. Ni Muyeke wa Bunkeya. Tangu mwaka mpya alikuwa akisema neno moja tu: "Nataka watoto waone Bunkeya mbele miguu yangu haijakataa kabisa." Magoti yake yanamsumbua. Kila mmoja wetu alisikia kile ambacho hakukisema.

Tulichobeba, kwa sababu tunajua mtauliza: unga wa bukari, mafuta, chumvi, maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa, mbabula na gunia nusu la makala, bidoni tatu za maji za lita 20, ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya Nkambo usiku, na mablanketi yote ya nyumba. Msidharau hayo mablanketi. Baridi ya mwezi wa 7 huku Katanga haichezi na mtu, na bati la gari halina huruma. Tulichosahau ni kibiriti. Kwa kweli, jamaa nzima ya watu wanane, hakuna aliyekumbuka kibiriti.

Tuliondoka siku ya tano alfajiri. Kituo cha kwanza kilikuwa karibu tu, Shilatembo, kiasi cha kilometa 50 hivi kwenye barabara ya Likasi. Tumepita pale mara nyingi tukienda kwenye matanga au kununua samaki Kapolowe, na hata siku moja hatukusimama. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliletwa kwa ndege mpaka mji wetu, ambao wakati ule uliitwa Élisabethville, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku uleule walipelekwa huku porini wakapigwa risasi. Miili yao haikuachwa hata izikwe kama miili ya watu. Kilichobaki cha Lumumba ni jino, ambalo Ubelgiji ililirudisha mwezi wa 6 mwaka 2022, na sanduku lililolibeba lilipitishwa hapa mbele ya kwenda kuzikwa Kinshasa.

Mtoto wetu wa mwisho ana miaka 9. Aliangalia majani, aliangalia miti, kisha akauliza kwa sauti ya kanisani: "Nani alimuua?"

Mkubwa wake akajibu haraka, "Wazungu." Ndivyo wengi tunavyojibu, na si uongo: maofisa wa Kibelgiji walikuwapo. Lakini waliofyatua bunduki walikuwa askari wa Katanga, na mawaziri wa Katanga ya Moïse Tshombe walikuwa wamesimama pale. Hayo yaliandikwa wazi mwaka 2001 na tume ya bunge la Ubelgiji lenyewe. Tulitazamana, watu wazima, kila mmoja akimngoja mwenzake. Nkambo alikuwa amebaki ndani ya bisi, mlango wazi. Alisema tu, "Twende, jua linapanda." Tukaenda. Mtoto hakujibiwa.

Mbele ya kufika Likasi barabara inavuka mto Lufira. Kijana wetu mkubwa alichangamka ghafla. Aliona kwenye simu filamu moja ya mwaka 2016 juu ya askari wa Irlandi waliokuja na Umoja wa Mataifa, wakazingirwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwezi wa 9 mwaka 1961. Walikuwa kiasi cha watu 150. Walipigana siku kadhaa, risasi na maji vikawaishia, wakakamatwa, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Wenzao waliotoka Élisabethville kuwasaidia walizuiwa kwenye daraja la Lufira. Kijana alikuwa akitusimulia kama mpira wa miguu, akionyesha kwa mikono jinsi wale wa upande wa pili walivyokuwa wakianguka.

Nkambo akamwambia Papa asimamishe gari.

"Hao wanaoanguka kwenye simu yako," alisema, "mmoja ni yaya wangu."

Sisi watoto wake wenyewe hatukujua. Tulijua alikuwa na kaka aliyepotea zamani, basi. Hapo pembeni ya barabara, malori ya madini yakitupita na kututikisa, alitueleza kwamba kaka yake aliingia ujandarma wa Katanga akiwa kijana, kwamba alikuwa miongoni mwa waliolinda daraja hili, na kwamba yeye mwenyewe, msichana wa miaka 12, alimpelekea mama yao habari kuwa kijana ni mzima. Katanga ilipomalizika mwezi wa 1 mwaka 1963, jandarma wengi walikimbilia Angola. Yaya wake alikwenda nao. Barua moja ilikuja, kisha hakuna tena.

"Na Lumumba?" mtoto wa mwisho akauliza. Watoto hawasahau.

"Nyumbani kwetu walifurahi," Nkambo alisema. "Mimi pia nilicheza ngoma. Nilikuwa mtoto, nilicheza kwa sababu wakubwa walicheza."

Hakuna aliyejua aseme nini. Papa aliwasha gari.

Likasi tulilala kwenye uwanja wa parokia moja, ambapo walituruhusu bila kutuomba kitu, na kibiriti wakatupa. Mji ule tunaupenda. Miti yake mikubwa, nyumba za zamani zenye varanda, watu wasio na haraka ya Lubumbashi. Wasichana na Nkambo walilala ndani, wanaume nje chini ya turubai. Saa nane ya usiku wanaume wote walikuwa wamekwisha kuingia ndani pia, na asubuhi hakuna aliyeweza kunyoosha shingo.

Siku ya posho tuliacha lami. Vumbi jekundu, mashimo, mpira wa gari ukapasuka, na wa akiba ukaonekana hauna pumzi. Saa tatu zilikwenda hapo. Hatutaieleza sana kwa sababu bado inatutia hasira. Mwenye kukagua mpira wa akiba alikuwa anajulikana, na alinyamaza vizuri sana.

Bunkeya leo ni mji mdogo wenye utulivu. Mtu asiyeambiwa hawezi kujua kwamba miaka 140 iliyopita misafara ilikuwa ikifika hapa kutoka pande zote mbili za Afrika, kutoka Angola na kutoka pwani ya Zanzibari, kutafuta shaba, pembe za ndovu, chumvi, na watu. M'siri, jina lake la kuzaliwa Ngelengwa, alitoka Unyamwezi, ndiyo Tanzania ya leo, akifuata njia ya biashara ya shaba aliyoifungua baba yake. Akabaki, akatawala. Swahili tunayoisema huku Katanga ilifika pia kwa miguu ya wasafiri kama hao, kabla ya kampuni na mashimo ya madini.

Tulikwenda kwanza kusalimu kwenye kiwanja cha mwami na zawadi yetu ndogo, kama inavyotakiwa, kisha tukapelekwa penye makaburi ya bami. Nkambo hakutumia fimbo. Aliishika mkononi kama mwamvuli, akatembea mbele yetu. Alitusimulia yeye mwenyewe, hakumngoja kiongozi: jinsi Stairs alivyokuja na msafara uliotumwa kwa ajili ya mfalme Léopold, jinsi M'siri alivyokataa kupandisha bendera yao, jinsi ofisa Bodson alivyompiga risasi tarehe 20 Desemba 1891, na watu wa M'siri wakampiga Bodson palepale, naye akafa. Kichwa cha M'siri kilikatwa. Mwili ulirudishwa kwa wake zake na wanawe. Kichwa hakionekani mpaka leo.

Binti yetu wa kati, ambaye husema kidogo, aliunganisha mambo mwenyewe. "Basi hata huyu mwili wake haukukamilika. Kama Lumumba."

Nkambo akamtazama muda mrefu. Kisha akamwonyesha kwa kidole, si kaburi, bali mji. Akamwambia kwamba Godefroid Munongo, waziri wa ndani wa Katanga siku zile za Lumumba, mmoja wa wale waliokuwapo Shilatembo, alikuwa mtoto wa hapa, mjukuu wa M'siri. Baadaye akawa mwami hapa. Alifariki Kinshasa tarehe 28 Mei 1992, siku ileile aliyotazamiwa kusema mbele ya Mkutano wa Taifa yale aliyoyajua juu ya kifo cha Lumumba. "Sisi tuliachwa na nusu ya neno," Nkambo alisema.

Mtoto wa mwisho alitaka kujua sasa kama M'siri alikuwa mwema ama mbaya, kwa kuwa tulikuwa tumemwambia pia habari za watu waliouzwa. Nkambo akacheka, mara ya kwanza tangu darajani. "Muulize baba yako. Yeye ni Musanga."

Na hapo, wamama, Papa aliyekuwa kimya tangu mpira wa gari alipata nafasi yake. Basanga walimwasi M'siri katika miaka yake ya mwisho, na wazungu walipofika walimkuta amekwisha kudhoofika. Papa aliyaeleza hayo katikati ya Bunkeya, mbele ya wajomba wa Nkambo, kwa sauti kubwa, mpaka mzee mmoja akamwambia deni la mahari liongezwe. Utani ukawa utani. Lakini aliwaambia watoto pia, kwa utaratibu, kwamba bibi wa bibi yake alikamatwa katika vita vya siku zile na hakurudi kijijini, na kwamba jambo hilo kwao lilisemwa tu usiku. Miaka 19 ya ndoa, nasi tulikuwa hatujalisikia.

Usiku huo tulilala ndani ya bisi katika kiwanja cha wajomba, tukila bukari na sombe tuliyopewa, tukinywa munkoyo. Nkambo walimpa kitanda. Alikataa. Alisema amezoea godoro la gari.

Watoto walikuwa wanataka mbuga, punda milia wa Upemba na maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, yanayoanguka zaidi ya metre 300. Feza ya mafuta haikuruhusu, na mpira mpya tulionunua ulikula ile iliyobaki. Tuliwaambia mwaka mwingine. Waliununa mpaka Likasi.

Siku ya kwanza tukirudi, Nkambo aliomba tusimame tena darajani kwa Lufira. Alishuka na wajukuu wote wanne, akawatajia jina la yaya wake, lote, la Kiyeke na la ubatizo, akawasemesha wote mmoja mmoja mpaka wakalishika. Papa alingoja na gari likiunguruma. Kapolowe tulinunua samaki wakavu wa kutosha mwezi mzima, kwa bei ambayo mjini msingeiamini.

Shilatembo tulipita bila kusimama, kiza kilikuwa kimeingia. Lakini bisi nzima ilinyamaza, na mtoto wa mwisho akageuka dirishani kuangalia mpaka miti ikaisha.

Viti vilirudishwa usikuusiku. Siku ya pili asubuhi bisi ilikuwa Katuba kwenye foleni, na abiria wa kwanza kupanda aliuliza ni nani aliyebeba samaki humu.