Msaada wa Umma Si Hisani ya Chifu



Wadi ya Nyayo Highrise ina sura mbili: upande mmoja maghorofa ya Highrise, upande wa pili mabanda ya Soweto, Kibera. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, waliokuwa wakifua nguo maghorofani na kubeba zege mijengoni walikosa kibarua cha kutwa, na nyumba zao zikakosa unga.

Tarehe 25 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shilingi bilioni 10 kwa ajili ya wazee, mayatima na wanyonge wengine. Kuanzia Aprili hadi Novemba, baadhi ya jamaa za mitaa ya mabanda jijini Nairobi zilipokea shilingi 1,000 kila wiki kwa njia ya simu. Nia ilikuwa njema. Lakini ni nani aliyeandikwa, na kwa kanuni gani?

Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2021 ilieleza kwamba fedha hizo ziliwafikia wahitaji wachache tu, na kwamba uteuzi ulitiwa doa na upendeleo na kujuana. Aliyeachwa nje hakuonyeshwa kipimo kilichotumika, wala mahali pa kukata rufani.

Hili si geni kwetu. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, vyama vingi vilirudi, lakini chifu alibaki na nguvu zake. Ndiyo sababu mageuzi ya IPPG ya mwaka 1997 yaliigusa Sheria ya Mamlaka ya Machifu. Waliotutangulia walielewa kwamba mtu anayesubiri mkate wake kwa ridhaa ya ofisa mmoja hawezi kupiga kura kwa uhuru. Orodha ya siri humrudishia ofisa huyo nguvu ambazo sheria ilimnyang'anya.

Tena, si kweli kwamba haiwezekani kufanya vingine. Kwa wafugaji wa Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, mpango wa HSNP uliandikisha jamaa na kuwafungulia akaunti za benki. Ukame unapozidi, picha za setilaiti za hali ya malisho hutumika kuamua ni wapi malipo ya dharura yaongezwe. Katika awamu ya kwanza kulikuwa na kamati za haki za kupokea malalamiko. Mpango huo una dosari, na malipo yake yamewahi kuchelewa. Lakini mfugaji anayepoteza ng'ombe anaweza kukiuliza kipimo kinachojulikana. Kwa nini mfua nguo wa Soweto asiwe na kipimo chake?

Wapo wasemao kwamba kutangaza majina ya maskini ni kuwaaibisha. Hoja hiyo ina uzito, na sheria ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu binafsi. Lakini kuficha jina si kuficha kanuni. Serikali inaweza kubandika masharti ya kustahili, idadi ya waliolipwa katika kila kijiji na jumla ya fedha, bila kumvunjia mtu heshima.

Katiba ya 2010 imekwisha kutupa silaha. Kifungu cha 43 kinaitaka Dola imsaidie asiyeweza kujikimu. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari. Kifungu cha 47 kinampa aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisa haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

Kwa hiyo tunadai, kabla janga jingine halijabisha hodi: masharti yasomwe barazani, hesabu za kila kijiji zibandikwe, na kiundwe chombo cha rufani kisichokuwa chini ya chifu aliyeandika orodha. Penye wengi hapaharibiki neno. Fedha hizi zinatokana na kodi, na kodi hulipwa hata na mama anayenunua kipande cha sabuni pale Soweto. Haipasi apige magoti kuomba kilicho chake.