Neil Harris: Straika wa madaraja ya chini aliyegeuka zimamoto wa Millwall

Februari 2024, Millwall walikuwa wanachungulia shimo. Joe Edwards, kocha kijana aliyewahi kuwa msaidizi Chelsea na Everton, alikuwa ametimuliwa baada ya miezi mitatu na ushee tu, na timu ilikuwa jirani kabisa na eneo la kushuka daraja kwenye Championship, ligi ya pili kwa ukubwa England.

Mabosi hawakutafuta mbali. Walimrudisha Neil Harris, aliyekuwa Cambridge United kwa miezi miwili na kidogo. Mechi 5 za mwisho za msimu Millwall wakashinda zote, wakiwemo Leicester City waliokuwa wanaelekea kutwaa ubingwa wa ligi hiyo. Wakamaliza nafasi ya 13.

Miezi kumi baadaye jamaa akawa ameondoka tena, safari hii kwa hiari yake mwenyewe. Kwa nini klabu na mtu wake wanapendana hivi halafu hawakai pamoja?

Ukiitaja Millwall kusini mashariki mwa London, lazima umtaje Harris. Alitokea Cambridge City, timu isiyo hata ya kulipwa kikamilifu, mwaka 1998 kwa dau la pauni 30,000. Msimu wa 2000/01 akafunga mabao 27 ya ligi na Simba hao (si wa Msimbazi, hawa ni wa The Den) wakapanda daraja.

Kiangazi cha 2001 akagundulika ana saratani ya korodani. Alikuwa na miaka 23 tu, ndiyo kwanza jina linaanza kukua. Alitibiwa, akarudi uwanjani, na mwaka 2004 alikuwa kwenye kikosi kilichoanza fainali ya Kombe la FA dhidi ya Manchester United, ambako Millwall walilala 3-0.

Hakuwahi kucheza Ligi Kuu. Alipita Cardiff na Nottingham Forest, akarudi nyumbani 2007, na Januari 2009 akaivunja rekodi ya Teddy Sheringham ya mabao 111. Alipoondoka 2011 alikuwa na 138, na hakuna aliyewahi kuifungia Millwall mengi zaidi.

Wengi wanadhani klabu inamwita kwa sababu ya mapenzi tu. Mapenzi yapo, lakini hesabu ndiyo inayoongea zaidi. Timu zinazoshuka kutoka Ligi Kuu huingia Championship na fedha za kupoza machungu, mamilioni ya pauni kwa hadi miaka 3. Millwall haina mfuko huo. Kushindana na watu hao kwa pasi fupi fupi na wachezaji ghali ni kujitafutia balaa.

Harris alilijua hilo tangu anacheza. Timu zake hazipendezi sana machoni, tuseme ukweli. Mpira unapelekwa mbele haraka, krosi nyingi, mipira ya adhabu na kona inafanyiwa kazi, na anayekataa kukaba anakaa benchi. Ndivyo alivyoipandisha timu 2017 kwa bao 1-0 dhidi ya Bradford City pale Wembley, mwaka mmoja baada ya kupoteza fainali kama hiyo kwa Barnsley. Msimu huohuo aliwatoa Leicester, mabingwa watetezi wa England, kwenye Kombe la FA akiwa na watu 10 uwanjani. Msimu uliofuata akamaliza wa 8 Championship. Kwenye kikosi chake alikuwepo Jimmy Abdou, kiungo wa timu ya taifa ya Comoro, aliyewahi kucheza naye pia.

Nje ya The Den mambo hayakuwa hivyo. Cardiff aliikuta katikati ya msimamo Novemba 2019, akaifikisha nafasi ya 5 na nusu fainali ya mchujo, wakatolewa na Fulham. Januari 2021 vipigo vya mfululizo vikaota nyasi kibarua chake. Gillingham ilishuka 2022 kwa tofauti ya mabao tu, kisha akafukuzwa Oktoba 2023 ingawa timu haikuwa mkiani.

Hapo ndipo penye utata. Mbinu za kuokoa jahazi ni nzuri wakati maji yanaingia. Yakishatoka, wenye klabu na mashabiki wanataka safari, na kocha wa aina hii anaonekana amefika mwisho wa ramani yake. Harris mwenyewe alijiuzulu Millwall Oktoba 2019 mambo yalipoanza kukwama, na Desemba 2024 akafanya hivyohivyo timu ikiwa katikati ya msimamo. Nafasi ikachukuliwa na Alex Neil.

Tusisahau alirudi kwenye klabu ya aina gani. Mmiliki John Berylson, aliyempa kazi ya kwanza, alifariki kwa ajali ya gari Julai 2023. Juni 2024 kipa Matija Šarkić akafariki ghafla akiwa na miaka 26. Kocha aliyetakiwa kupanga usajili wa msimu mpya ndiye huyohuyo aliyetakiwa kushika mkono chumba kizima cha wachezaji waliofiwa. Kazi hiyo haionekani kwenye msimamo wa ligi.

Februari 2025 alirudi Cambridge United, kulekule alikoondoka ghafla mwaka mmoja nyuma, na safari hii moto ulishakolea. Timu ikashuka hadi League Two, daraja la nne. Cambridge hawakumfukuza. Walimwachia timu aanze nayo huko chini.