Tuandike Pia Somo Lililoshindikana

Wengi wetu hudhani kwamba utafiti ni kazi ya wasomi wa Chuo Kikuu, na kwamba kumwandaa mhandisi ni kazi ya vyuo vya ufundi. Dhana zote mbili zina kasoro. Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1957, kikawa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973. Lakini kijana anayeingia huko amekwisha kufundishwa wenzo, kapi na mteremko katika shule ya msingi. Akiwa amezielewa vibaya, mhadhiri hujenga juu ya msingi mbovu. Basi mwalimu wa Mbagala au wa Tandale ni mwalimu wa uhandisi, ajue asijue.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Katika shule moja ya Temeke niliwafundisha wanafunzi wa darasa la sita habari za wenzo. Walikariri egemeo, mzigo na jitihada bila kosa. Kisha nikawatoa nje penye toroli, nikauliza: matofali tuyaweke karibu na gurudumu, au karibu na mikono ya msukumaji? Karibu wote walijibu kwamba yawekwe karibu na mikono, ili msukumaji ayamudu vizuri. Somo lilikuwa limeshindikana. Nami nilifanya nini? Niliwasahihisha kwa maneno, nikaandika katika andalio la somo kwamba lengo limefikiwa, nikanyamaza. Niliogopa kuonekana sijui kazi. Mwaka uliofuata kosa lile lile likarudi.

Baadaye nilikutana msibani na mwalimu mwenzangu wa Kinondoni. Kumbe naye alikuwa amepambana na kosa hilo, akalishinda. Hakuanza na majina. Kila kundi alilipa ubao mrefu na tofali moja. Ncha moja ya ubao ilikaa chini, nyingine watoto wakaiinua kwa mkono, huku wakilisogeza tofali mbele na nyuma. Mkono wenyewe uliwaambia ukweli, majina yakafuata. Kati ya shule zetu ni safari ya daladala tu, lakini madarasa mawili yalikuwa yamekwisha kupita mikononi mwangu bila kuufaidi ujuzi huo.

Ni dhahiri kwamba hatukupungukiwa na akili wala vifaa. Tulikosa jumuiya ambamo mwalimu aweza kusema, "Somo langu lilishindikana," asidharauliwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwetu sisi anayeumia ni mtoto.

Vyombo vipo. Tunavyo vituo vya walimu, na mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini umetuwekea jumuiya za kujifunza shuleni. Huko Japani walimu wa shule za msingi wamezoea kwa miaka mingi kuandaa somo kwa pamoja. Mmoja hufundisha, wengine huwatazama wanafunzi, kisha hulijadili somo, si mwalimu. Nasi twaweza kufanya hivyo kwa njia tatu.

Kwanza, kila mjumbe alete ukurasa mmoja: alichofundisha, walichojibu watoto, na alichojaribu baadaye. Pili, kurasa hizo zitumike kwa kujifunza tu, zisiwe ushahidi wa kumpima mwalimu. Pakiingia hofu, zitajaa uongo kama andalio langu. Tatu, kurasa za Temeke zisomwe Kinondoni, na za Kinondoni zisomwe Temeke, na wahadhiri wa uhandisi waalikwe kusikiliza, kwa maana makosa ya darasa la sita huenda ndiyo wanayokutana nayo wao.

Wapo watakaosema kwamba madarasa yetu yana watoto wengi mno, na muda haupo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ukurasa mmoja kwa mwezi si mzigo mkubwa, na kurudia kosa lile lile kila mwaka kunapoteza muda zaidi.

Ndugu mwanachuo, karibuni utakwenda mazoezi ya kufundisha. Chukua daftari moja zaidi, mbali na la maandalio. Siku somo litakapokushinda, usilichane. Andika majibu ya watoto kama walivyoyasema, umsomee mwenzako aliye shule nyingine. Huo ndio utafiti wako wa kwanza.